Tasa

Mji unaitwa Tapa, nami nilitapa kweli,
Januari, pale reli za Estonia zinapokutana,
nikapanga chumba kwa Bi Vaike Raudsepp.
Mgeni siku mbili; ya tatu akanipa jembe,
yaani koleo la theluji, nikachimba njia
mpaka stoo ya kuni. Mlangoni, kwa chaki,
kwa mwandiko wa karani asiyependa kuulizwa mara mbili:

357686312646216567629137

Nikadhani ni deni la mtu.
"Hesabu mabehewa," akasema.
Yalikuwa ishirini na manne.

Miaka thelathini na minane aliorodhesha mabehewa
yaliyopita na mbao, na mafuta, na makaa yenye barafu,
na kila namba aliijaribu kimoyomoyo:
kwa tatu? kwa saba? kwa kumi na tatu?
Nyingi zilipasuka kama maganda ya njegere.
Hii haipasuki. Haigawanyiki
ila kwa moja na kwa nafsi yake.

"Sasa tuikate kichwa."
Akaifuta 3 kwa kiwiko cha koti.
Iliyobaki nayo haigawanyiki.
Kesho yake ikaenda 5. Vilevile.
Keshokutwa, 7. Kila asubuhi kabla ya chai,
kiwiko kimoja, tarakimu moja:
treni inanyang'anywa kichwa,
behewa la nyuma yake linajifanya kichwa,
safari haikatiki.

Sifuri haimo hata moja.
Sita zimo saba; nne ni moja tu,
imebanwa na sita huku na sita huku.

"Na ukiongeza mbele?"
"Jaribu. Tia 1, inavunjika. Tia 2, inavunjika.
Mpaka 9. Hakuna kichwa inachokubali."
Katika zote zinazostahimili kuchinjwa hivi
hii ndiyo kubwa ya mwisho;
ukoo unakomea hapo, mlangoni pa stoo.

Mimi mbishi. Nilitaka ushahidi.
"Kwa zile ndefu naamini mashine ya mpwa wangu," akasema.
Lakini siku iliyobaki 629137
tulikaa jikoni na penseli mbili,
tukaanza na mbili, tatu, tano,
vigawanyo mia moja thelathini na vinane,
tukasimama kwenye 787.
Kwa nini hapo? Kwa sababu kigawanyo kikubwa zaidi
lazima kiwe na mwenzake mdogo,
na wadogo wote tulikwisha wahoji.
Kila mara kulibaki kitu. Viazi viliungua.

Ilipofika 137, akauliza:
"Kwetu namba hizi ni algarv, namba za mwanzo.
Kwenu mnaziitaje?"

Koo likanikauka.
Nilikuwa nimepanda darini kufuata blanketi,
nikaona kitanda cha mtoto, rangi yake mpya,
kimejaa vitunguu.
Ningewezaje kumwambia kwamba kwetu
neno ni lile la mbuzi asiyezaa,
la mwanamke anayesemwa akishapita?
Nikatazama kikombe. Nikasema:
"Tasa."

Treni ya mizigo ikapita, vijiko vikalia.
"Tasa," akarudia, akilionja. "Hata sisi tunalo.
Ni kufanya jambo bila kelele.
Unafunga mlango tasa, mtoto asiamke."

Nikamweleza la kwetu pia. Lote. Sikuficha.

Akanyamaza kwa muda wa mabehewa mengi.
Kisha akainua kalamu: "Basi hamkuitazama vizuri.
Tumbo lake lina wenzake ishirini na watatu,
mmoja ndani ya mwingine."

Asubuhi akafuta 1, polepole kuliko kawaida.
Ikabaki 37. Kesho yake 7,
peke yake juu ya mbao iliyochakaa.

Machi theluji ikaanza kuchuruzika,
chaki ikawa haisomeki vizuri.
Koleo likarudi ukutani.
Ile 7 sikuifuta.
Si kazi ya mgeni.